Bahari Moja, Maana Tatu

Mzazi wa Mombasa au Lamu akifungua daftari la Kiswahili la mwanawe wa sekondari hukuta orodha ndefu: istiara, tashbihi, tashihisi, takriri, kinaya, jazanda. Mtoto amezihifadhi zote kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, ile ya Fasihi. Mwulize maana, atakujibu upesi. Mwambie aghani ubeti mmoja, asikie mizani inapotua, atainama.

Mimi sina ugomvi na orodha hiyo. Istilahi ni vyombo vya kazi. Seremala asiyelijua jina la randa ataiagizaje? Linalonisumbua ni kuwa tunawapa vijana majina pasi na nasaba zake.

Chukua neno bahari. Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, alizipanga bahari 15 za mashairi ya Kiarabu, na Al-Akhfash akaongeza ya 16. Hizo hupimwa kwa silabi ndefu na fupi. Neno lilipofika kwetu likageuka. Watunzi wa tenzi waliita bahari kile kina cha mwisho kiendacho toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, kama 'ya' katika utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Darasani leo, bahari ni aina ya utungo. Maana zote tatu zina haki yake. Lakini kijana akimsikia babu yake akisema kuwa bahari ya utendi ule ni 'ya', hudhani mzee hajui. Mzee naye hunyamaza, na siku akifa elimu ile huzikwa naye.

Ubeti nao umesafiri. Kwa Waarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Kwetu, ubeti wa shairi aghalabu ni mishororo minne, kila mmoja mizani 16. Na mizani yetu huhesabu silabi tu. Basi hata aliyesoma arudhi chuoni asikimbilie kumkosoa mwalimu wa shule.

Istilahi za mchezo wa kuigiza zina mambo mengine. Tamthili, kwa watu wa balagha, ni kufananisha hali na hali. Tamthilia tunayoisoma shuleni ni mchezo wa jukwaani, na Waarabu wa leo nao hulitumia neno hilo hivyo hivyo. Hapa wazee hawana mengi ya kusahihisha, maana michezo ya kuandikwa imetujia kwa njia ya shule.

Nionavyo, mwalimu wa Kiswahili na maalimu wa chuo wangekaa darasa moja, walau mara moja kila muhula. Maalimu aeleze istiara ilivyo katika balagha, mwalimu aeleze mtihani wataka nini, na malenga wa mtaa aghani huku wanafunzi wakihesabu mizani kwa vidole. Gharama yake ni barua ya mwaliko, na kikombe cha kahawa kwa mzee.