MWENYE NGUVU HAPISHWI KILA NJIA



Wako watu ambao kila yatajwapo madola makubwa huinamisha vichwa wakasema, "Mwenye nguvu mpishe." Kwao methali hii ni sharia. Wako na wengine, waliosoma nusu ya khabari, ambao huwajibu kwa kuwataja Wamarekani, wakidai kuwa watu wale waliitoa Uingereza kwa ushujaa wa bunduki. Sisi tunasema makundi yote mawili yamekosea, na la pili lina khatari zaidi. Mwoga hukaa kwake, lakini aliyelewa sifa za bunduki huwapeleka watoto wa wenziwe kufa.

Natuitazame khabari yenyewe. Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita vya miaka saba na Ufaransa. Ilishinda, lakini ilitoka na deni kubwa mno, ikataka makoloni yake 13 ya Marekani yachangie gharama za majeshi yaliyowekwa huko. Mwaka 1765 Bunge la London likatoza kodi ya stempu juu ya hati, magazeti, hata karata za kuchezea, na katika Bunge hilo hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa na watu wa makoloni.

Je, walianza kwa risasi? Walianza dukani. Wafanya biashara wa New York, Philadelphia na Boston walipatana wasiagize bidhaa za Uingereza, na wenzao wa Uingereza walipoona mali yao imelala, wao wenyewe ndio waliokwenda kulililia Bunge. Mwaka 1766 kodi ile ikafutwa. Sisi tukaao nyuma ya mizani twalifahamu jambo hili: mnunuzi akikataa, tajiri hapati usingizi.

Tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walitosa baharini makasha 342 ya chai ya Kampuni ya East India. Uingereza ikaifunga bandari yao, ili mji mmoja uteseke na mingine iogope. Mambo yakawa kinyume. Makoloni mengine yalipeleka chakula Boston, na Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia. Walikata shauri kuisusia biashara ya Uingereza, na kila mji na wilaya iweke kamati ya kumwangalia avunjaye mapatano. Kamati hizo ndizo zilizowapokonya magavana utawala kidogo kidogo. Vita vilipozuka tarehe 19 Aprili 1775, raia walikwisha zoea kutii serikali ya pili, iliyo yao.

Na vita vyenyewe? Wasifuo bunduki hawatuambii kuwa George Washington alifukuzwa New York mwaka 1776, wala kuwa Philadelphia ilitwaliwa mwaka 1777 na Charleston mwaka 1780. Uingereza ilikuwa na manowari zisizo kifani, na iliajiri askari wa Kijerumani wapatao 30,000. Lakini kila mji ilioutwaa ulidai askari wa kuulinda, na amri kutoka London zilichukua wiki nyingi baharini. Washington alifahamu kuwa jeshi lake lisipokufa, dola ile itachoka. Katika kambi ya Valley Forge, majira ya baridi ya 1777 na 1778, askari wapatao 2,000 walikufa kwa maradhi. Jeshi halikuvunjika.

Atasema mtu, "Ufaransa ndiyo iliyowakomboa." Naye azitazame tarehe. Jemadari Burgoyne alisalimu amri Saratoga Oktoba 1777. Ufaransa ikatia sahihi mapatano Februari 1778. Mfalme wa Ufaransa hakupenda uhuru wa raia, alitaka kisasi, na alimshika mkono mtu aliyekwisha simama kwa miguu yake. Ni kweli kuwa manowari zake zilifunga ghuba ya Chesapeake, Cornwallis akasalimu amri Yorktown tarehe 19 Oktoba 1781 pamoja na watu zaidi ya 7,000. Hata hivyo Uingereza ilikuwa ingali na New York. Kilichokwisha ni subira ya Bunge lake. Waziri Mkuu Lord North alijiuzulu Machi 1782, na mkataba wa Paris ukatiwa sahihi tarehe 3 Septemba 1783.

Wala hatutawasifu kupita kiasi. Watu waliotangaza usawa wa wanadamu tarehe 4 Julai 1776 waliwashika utumwani watu wapatao nusu milioni. Maelfu ya watumwa hao walikimbilia kwa Waingereza, maana huko ndiko walikoahidiwa uhuru. Utumwa haukufutwa nchi nzima ila mwaka 1865, baada ya Wamarekani kuuana wao kwa wao. Uhuru ukigawiwa kwa rangi, deni lake hulipwa na wajukuu kwa damu.

Basi mwanachama asiyefika mkutano wa tawi, asiyetoa ada yake, akikaa barazani kumngojea shujaa au rafiki wa kutoka ng'ambo, naajue kuwa Wamarekani hawakushinda kwa njia hiyo. Kamati zilitangulia, na rafiki alikuja nyuma.