Mguu Mmoja Ukivimba



Huku kwetu Mbulu na Hanang mtu akivimba mguu mmoja, kwanza hukandwa kwa maji ya moto, kisha huchanjwa chale, na mwisho jirani hutajwa. Siku zinapita bure. Yafaa tujue habari ya mshipa ulioziba.

Mishipa irudishayo damu moyoni ina kuta laini, hubanwa upesi. Kansa ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine zote, ikikua huweza kuubana mshipa wa nyonga. Damu hukwama kama maji ya mfereji ulioangukiwa na gogo, na mguu wa upande ule hujaa. Kansa ya kifua nayo huubana mshipa mkubwa wa juu: uso na shingo huvimba, pumzi hupungua mtu akilala. Huyo asingoje kesho.

Tena damu iliyokwama huganda. Nawasihi, msiuchue mguu huo kwa nguvu. Donge likibanduka huenda mapafuni, na mtu aweza kufa saa ile ile.

Tangu miaka ya 1980 madakitari wamejua kupitisha ndani ya mshipa kibomba cha waya kiitwacho stenti, kikatanuka na kuishika njia wazi. Lakini Mungu hakutuumba sote kwa ramani moja. Watu 3 mpaka 5 hivi katika kila 1,000 wana mshipa mkubwa wa juu upande wa kushoto pia. Wengine wana miwili tumboni badala ya mmoja, wala hawajui. Kibomba kikiwekwa bila kujua hayo, chaweza kuziba njia iliyokuwa ikimsaidia mgonjwa. Basi ukiambiwa upigwe picha nyingine, usinung'unike kwamba wanakula fedha.

Neno gumu ni hili: kibomba hakiponyi kansa. Humpa mgonjwa nafuu ya kupumua na kutembea. Kabla ya kuuza ng'ombe ulizeni: kitamsaidia nini, na kwa muda gani? Dakitari mwema hachukii swali hilo. Pengine dawa au mionzi ya Ocean Road yatosha kuupunguza uvimbe wenyewe.

Muhimbili walianza mwaka 2019 kuwafundisha madakitari kutibu ndani ya mishipa kwa kuongozwa na picha. Kwetu safari huanza Dareda, au kwa ndugu zetu Walutheri wa Haydom. Ombeni barua ya rufaa, na mchukue picha zote za zamani, hata zilizokunjika.