Akse ikikwama, kinga haijafa: tuache kuuza baiskeli za wakimbizi kwa bei ya chuma

Kasugho, wilaya ya Lubero. Maoni ya mwandishi wetu.

Mvua zikishika milima yetu, mafundi wa kinga hapa Kasugho wanapokea ugonjwa mmoja ule ule kila siku: gurudumu la nyuma halizunguki. Mwenye kinga anasukuma, tairi inaburuzika juu ya udongo kama mbuzi anayekataa kuvuka mto. Fundi anageuza kinga juu chini, anajaribu kuzungusha kwa mkono, anatikisa kichwa, kisha anachukua nyundo. Ni juu ya nyundo hiyo ninataka kusema leo, na juu ya mambo yanayofuata nyuma yake.

Akse ni ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya kitovu cha gurudumu. Ukiipiga nyundo uso kwa uso, kichwa chake kinafumuka kama uyoga, nyuzi zake zinalala, na ekru haipiti tena. Hapo fundi anasema: "Hii imekufa." Kama mwenye kinga ni mwenyeji, atakopa kwa shemeji au kwa jirani na kununua gurudumu zima. Kama ni mkimbizi wa ndani, aliyefika na kinga hiyo ikibeba godoro, sufuria na mtoto mdogo juu yake, atakopa kwa nani? Anamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kinga inauzwa kwa kilo, kama sahani ya gari iliyotoboka. Wiki mbili hazijapita, unaikuta tena barabarani na akse mpya, inabeba viazi vya mtu mwingine.

Mimi nasema huo ni unyang'anyi, hata kama pande zote mbili zilikubaliana bei. Kinga iliyokwama akse haijafa. Ina ugonjwa mdogo, unaotibika kwa mafuta, funguo mbili na subira ya siku moja au mbili. Anayejua hilo na akanyamaza ili anunue kwa bei ya chuma, anamwibia mtu aliyekwisha kuibiwa na vita.

Wanaoishi mijini wanaweza kuuliza kwa nini ninapiga kelele kwa sababu ya baiskeli. Waje waone barabara yetu. Udongo mtupu, kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha, lori linalala njiani. Pikipiki inapita, lakini esansi ina bei yake. Maharagi, viazi, mihogo, bidoni za mawese, mabati ya mtu anayejenga, hata mgonjwa, vyote vinapita kwa kinga, na kijana anayesukuma anaweza kupandisha kilo 100 na zaidi. Sasa mfikirie yule aliyekimbia. Tangu Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, na tangu mauaji ya ADF yalipozidi katika sekta ya Bapere mwaka huo huo, familia nyingi zimetawanyika katika wilaya yetu na mpaka Butembo. Shamba lao limebaki kule. Hapa wanalima kwa vibarua, siku zile ambazo kibarua kinapatikana. Lakini mwenye kinga nzima anaanza kubeba kolisi za watu wiki ile ile aliyofika. Kwake kinga ndiyo shamba aliloweza kutoka nalo.

Basi tuingie ndani ya kitovu chenyewe, maana mtu akijua kilichomo hadanganyiki kwa urahisi.

Katika kinga zetu nyingi, akse ya nyuma haizunguki. Inakaa imefungwa kwenye kadre kwa ekru mbili. Kinachozunguka ni kitovu, juu ya gololi, zile bile ndogo za chuma. Kwa kawaida ni 9 kila upande. Gololi zinakaa kati ya bakuli la kitovu na kone iliyofungwa juu ya akse, na nyuma ya kone kuna ekru nyembamba ya kuikaza isitembee. Mambo matatu yanaleta kukwama. La kwanza ni maji na matope: yanapenya pembeni mwa kone, yanasafisha grisi yote, kutu inaingia, gololi zinasagika. La pili ni ekru ile nyembamba kulegea: kone inaanza kuzunguka pamoja na gurudumu, inajikaza yenyewe ndani, mwishowe inabana gololi kama meno. La tatu ni akse kupinda kwa mzigo.

Hili la tatu linazipata hasa kinga za vitesi, zile za milimani zenye magurudumu ya 26. Wengi wanazidharau, wanasema ni za kuchezea. Si kweli, ila zina udhaifu wao. Katika nyingi za bei nafuu, pinyo 6 au 7 zimefungwa upande wa kuume wa kitovu, kwa hiyo gololi za upande huo zinakaa mbali ndani na kipande kirefu cha akse kinabaki bila kuegemea kitu. Ukiweka magunia mawili juu ya portibagaji na kuingia katika mashimo yetu, akse inapindia hapo, na siku nyingine inakatika hapo. Kinga nyeusi nzito za pinyo moja zinavumilia zaidi. Ukishatoa akse, iviringishe juu ya meza iliyo sawa: ikirukaruka, imepinda, wala usijisumbue kuirudisha.

Lakini kwanza itoke. Anza na burosi ya waya. Safisha nyuzi za nje mpaka zing'ae, kwa sababu ekru inayopita juu ya kutu na mchanga inakula nyuzi zake yenyewe. Kisha mafuta. Yale ya kopo ya kufungulia kutu hayapatikani kwetu kila siku. Changanya mafuta ya taa na oili kidogo ya injini, au tumia mazuti. Laza gurudumu ubavu, tonesha mahali kone inapoingia, acha. Jioni geuza ubavu wa pili, tonesha tena, acha hadi asubuhi. Usiku huo ndio dawa yenyewe. Mafuta yanatambaa polepole katika nafasi ambayo nyundo haiwezi kuingia.

Asubuhi chukua funguo mbili. Mmoja unashika kone, nao lazima uwe mwembamba, kwa kawaida wa 15. Mwingine unafungua ile ekru ya nje. Anzia upande wa kushoto, upande usio na pinyo, kwa sababu ule wa kuume umezibwa na pinyo zenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawajui: si lazima pande zote mbili zifunguke. Kone moja ikikubali kutoka, akse nzima inavutika kupitia upande wa pili pamoja na kone yake. Tandika kitambaa chini, gololi zisipotee. Kama ni lazima kugonga, rudisha ekru kubwa mpaka ilingane na ncha ya akse, weka kipande cha mti juu yake, ndipo ugonge, taratibu. Ikikataa kabisa, kata akse kwa msumeno wa chuma. Akse inanunuliwa peke yake. Kitovu kikipasuka, umepoteza gurudumu.

Moto? Wako mafundi wanaopasha ekru joto kwa makaa, na kweli chuma kikipata joto kinaachia. Lakini usifanye hivyo baada ya kumwaga mafuta ya taa, na usifanye karibu na vibanda vya wakimbizi, vya majani na mahema ya plastiki. Kitovu cha aluminiamu nacho hakipendi moto. Kinga mitumba za kisasa zina tatizo lao: akse nene ya aluminiamu inayoingia kwa nyuzi ndani ya kadre yenyewe, na ikikaa na maji bila grisi inashikana na kadre kama imechomelewa. Hiyo ipewe mafuta siku tatu, nne, na nyundo ikae mbali kabisa, maana ukivunja pale umevunja kadre.

Neno moja juu ya mawese. Tunayo mengi, ndiyo maana watu wanayapaka kila kitu. Katika kitovu hayafai. Kwenye baridi yetu ya milimani mawese yanaganda, mnayaona wenyewe asubuhi ndani ya bidoni. Yakiganda na vumbi ndani yake, yanakuwa gundi. Vidanje ya pikipiki ni nzuri kwa kulainisha kutu, lakini imejaa unga wa chuma, usiifungie ndani. Gololi zinataka grisi safi. Kikopo kimoja kinatosha kinga nyingi.

Sasa niwape mafundi haki yao. Wananijibu: "Yaya, huyu mtu anakula kile alichobeba leo. Nikimwambia arudi kesho kutwa, watoto wake watalala njaa, na yeye atapeleka kinga kwa mwenye nyundo." Ni kweli kabisa. Subira ni rahisi kuihubiri kwa mtu aliyekula. Kwa hiyo ninapendekeza kitu ambacho hakihitaji mradi mkubwa: kila karakana iwe na magurudumu mawili ya nyuma ya kukopesha, moja la 26 na moja la 28. Mkimbizi anaacha gurudumu lake katika mafuta, anaondoka na la kuazima, anafanya kazi, anarudi siku ya pili. Litamtosha hata kama pinyo si idadi ile ile, atumie moja tu. Mwenye kusukuma mzigo mlimani hahitaji vitesi. Ringi za zamani zimetundikwa katika kila karakana zikingoja sijui nini. Zinahitaji akse, kone na gololi.

Na hapo ninawageukia wanaotoa msaada, makanisa na mashirika. Unga, mafuta na mahema ni lazima, hakuna anayebisha. Lakini wanapoandika orodha ya familia, waulize pia nani alifika na kinga na kama inatembea. Sanduku lenye funguo nyembamba za 13 hadi 17, burosi ya waya, msumeno, akse kumi, gololi na kopo la grisi linaweza kukaa kwa fundi mmoja anayekubalika na wote, na wazee wa barza wawe na daftari la kujua nani ametumia nini. Fundi alipwe kazi yake. Sisemi afanye bure, naye ana watoto. Ila akubali sharti moja: mwenye kinga asimame pale, aone kitovu kikifunguliwa, ahesabu gololi zake mwenyewe. Wakinamama nao waitwe, kwa sababu wengi wao ndio wenye kinga sasa, mabwana zao hawakufika.

Viongozi wa kijiji wangeweza kuongeza jambo dogo: mnunuzi wa vyuma asiondoke na kinga nzima ya mkimbizi kabla fundi mwingine, asiye rafiki yake, hajaitazama. Kadre iliyokatika ni chuma, achukue. Gurudumu lililokwama tu, lirudi kwenye mafuta.

Sanduku hilo lingefaa liwe limefika kabla ya mvua za mwezi wa 9. Baada ya hapo barabara ya Lubero itakuwa tope, na foleni kwa mafundi itaanza.