Karanga za Mtoto, Mashudu ya Sungura

Kufuga sungura ni kazi njema. Sungura hataki malisho makubwa kama ng'ombe. Huzaa mara nyingi, na nyama ya mmoja huisha katika sufuria moja, haibaki kuoza. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunaipenda kazi hii kwa ajili ya watoto wenye bwaki, wale wanaovimba miguu na uso na nywele zao kugeuka rangi. Wengi wao wamelishwa mihogo au bugali tupu siku nyingi. Lakini kuna jambo moja katika ufugaji huu ambalo silikubali, nami nitalisema wazi.

Watu wamesikia ya kuwa mbegu za mafuta hukuza sungura upesi. Hilo ni kweli. Sungura mdogo, tangu anapoachishwa ziwa mpaka siku ya kuchinjwa, anajenga mwili wake, na majani matupu humkuza polepole sana. Chakula chake kikavu kinapasa kuwa na protini kiasi cha 16 hivi katika 100. Protini ndiyo chakula cha kujenga mwili. Pumba za mahindi peke yake hazifiki hapo. Karanga, soya, alizeti na ufuta hupita hapo. Basi baba akisikia hivi anakwenda ghalani, anachota karanga, anawamwagia sungura, kwa maana sungura mnene huleta feza sokoni. Na mama anapika sombe bila karanga.

Hapo ndipo ninapokataa. Karanga nzima ni ya mtoto. Sungura apewe mashudu, yaani makapi yanayobaki mafuta yakiisha kukamuliwa.

Sisemi hivi kwa kumwonea sungura. Fikiri mwenyewe. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na robo tu ndiyo protini. Ukiisha kukamua mafuta, yale mashudu huwa na protini 45 katika 100, hata zaidi. Kwa hiyo mashudu yanamjenga sungura kuliko karanga yenyewe. Tena sungura hula mpaka nguvu anazohitaji zimetimia, ndipo anaacha. Ukimpa mafuta mengi, atashiba mapema kabla hajapata protini ya kutosha. Utamchinja, utakuta mafuta meupe yamezunguka figo, na nyama ni kidogo. Najua kwamba katika Ulaya wafugaji wengine huchanganya mbegu nzima za alizeti kidogo katika chakula cha sungura. Wao wana chakula kilichopimwa kiwandani, na watoto wao hawashindani na sungura juu ya bakuli moja.

Mama, usiseme huna mashine. Wewe unayetwanga karanga, unazikanda kwa maji ya moto kidogo na kuziminya mpaka mafuta yatoke, mashudu unayo tayari. Yakaushe juani siku ile ile. Changanya kipimo kimoja cha mashudu na vipimo vitatu vya pumba za mahindi. Sungura aliyeachishwa ziwa apate ngumi moja ndogo kwa siku, kisha uongeze kadiri anavyokua. Uanze kwa kidogo sana, uongeze katika muda wa juma zima, kwa sababu tumbo la sungura halipendi mageuzi ya ghafula, na wale wachanga hufa upesi kwa kuhara. Majani yasikosekane hata siku moja. Bila nyuzi za majani tumbo lake huharibika, hata kama mashudu ni mazuri namna gani. Na maji safi ayapate kila siku. Watu wengine husema sungura hanywi maji, lakini mwambie mtu huyo ale unga mkavu tangu asubuhi mpaka jioni, kisha mwulize tena.

Mashudu ya alizeti nayo ni mema, na maganda yake humpa sungura nyuzi. Mashudu ya kokwa za mchikichi yana protini kidogo, lakini penye michikichi mingi hupatikana kwa bei ndogo, nayo yanafaa kuongezwa. Soya usimpe mbichi. Ikaange au uichemshe kwanza, maana soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiitumie protini. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Mashudu ya pamba yana sumu yake, mimi siyashauri nyumbani.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kupita hayo yote. Nyumba nyingi zina desturi ya kuchambua karanga, nzuri kwa watu, na zilizoota ukungu kwa wanyama au kwa kukamua mafuta. Watu huona ni akili, kwamba hakuna kinachopotea. Ni hatari. Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wataalamu walichunguza chakula chao, wakakuta ndani yake mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na katika mashudu hayo sumu inayotengenezwa na ukungu. Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Huharibu ini. Kwa mtu anayeila mwaka hata mwaka huweza kuleta kansa ya ini, hasa kama anao ugonjwa wa ini wa aina ya B. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoshindwa upesi na sumu hiyo. Anaacha kula, anakonda, anakufa, na mwenye nyumba anasema amelogwa.

Tena ujue hivi: ukikamua karanga mbaya, sehemu kubwa ya sumu haiendi na mafuta. Inabaki katika mashudu. Kwa hiyo mashudu ya karanga mbaya ni mabaya kuliko karanga zenyewe. Kuzipika au kuzikaanga hakuimalizi sumu.

Kwa hiyo kazi ya kulisha sungura inaanzia shambani. Karanga zikichimbwa, zianikwe mara moja juu ya mkeka, si juu ya udongo. Usilowanishe maganda ili yapasuke kwa urahisi. Gunia lisikae chini penye unyevu, liwekwe juu ya miti. Kabla ya kutwanga, toa zote zilizokunjamana, zilizovunjika, zilizogeuka rangi, maana sumu nyingi imo katika hizo chache. Usiwatupie kuku wala nguruwe wa jirani. Zichimbie shimo na kuzifukia, au zitie motoni. Na zile nzuri, kabla hujakamua kwa ajili ya banda, pima kwanza za sombe ya watoto mpaka mavuno yajayo, uziweke katika chombo chake mbali, na ufunguo akae nao mama.