Mahojiano ya Mwisho na Mtamba wa Baba

Barua ya kuitwa kwenye mahojiano ya mwisho ikifika nyumbani, mara nyingi huleta shangwe kuliko barua ya kazi yenyewe. Mama huita majirani, baba hutafuta miwani yake, na kijana mwenyewe hukimbilia kupiga pasi shati. Watu hufurahi kana kwamba kazi imekwisha kupatikana. Lakini yafaa ijulikane kwamba aliyeitwa mara ya mwisho hajapata kitu bado. Amebakizwa tu pamoja na watu wengine wanne au watano ambao nao wana vyeti kama vyake, wamesoma kama yeye, na labda wanaihitaji kazi hiyo kuliko yeye.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwombaji hujitayarisha kwa mahojiano ya mwisho kama alivyojitayarisha kwa yale ya kwanza: hukariri habari za shule alizosoma, huipanga upya bahasha yake ya vyeti, na hujifunza kusema kwamba yeye ni mtu wa bidii. Mambo hayo wahojaji wamekwisha kuyasoma. Vyeti vilifanya kazi yake siku ile majina mengi yalipopunguzwa yakawa machache. Baada ya hapo vyote hulala sawasawa mezani. Linalobaki kuulizwa ni hili: mtu huyu akikabidhiwa ufunguo wa ofisi kesho asubuhi, je, atajua la kufanya?

Chukua mfano wa kijana mmoja wa upande wa Ol Kalou, katika Kaunti ya Nyandarua, mtoto wa mkulima wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa na stashahada ya uhasibu, naye aliomba kazi ya karani mkuu wa hesabu katika chama cha ushirika cha maziwa. Waliobakizwa walikuwa watano. Barua yake ilifika siku ya Jumatatu, na mahojiano yaliwekwa Jumatatu iliyofuata.

Jumatano jioni baba yake alipigiwa simu na bwana asiyemjua. Bwana huyo alisema kwamba anajuana na mkubwa mmoja wa halmashauri ya chama, na kwamba kwa shilingi 80,000 jina la kijana lingewekwa juu ya mengine yote. Alijua jina la kijana, alijua kazi aliyoiomba, alijua hata siku ya mahojiano. Mzee aliingiwa na hofu. Zizini mwake mlikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi saba, na bei yake ingetosha deni hilo na kubakiza kidogo.

"Mwanangu," akasema wakati wa chakula, "ng'ombe hununuliwa tena, lakini kazi ikipita imepita."

Kijana hakujibu. Mama yake ndiye aliyeuliza swali lililofaa: "Huyo mtu alimwambia nani mwingine maneno hayo?"

Swali hilo lilistahili kuulizwa, maana majina ya watu watano yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya chama, na mpita njia yeyote aliweza kuyasoma. Biashara ya madalali wa kazi ni rahisi sana kwa anayeifanya. Dalali huwaendea wote watano, kila mmoja kwa siri, naye huchukua fedha kwa kila atakayekubali. Kisha hukaa nyumbani kwake asifanye lolote. Mmoja kati ya watano hana budi kupata kazi, na huyo hudhani kwamba fedha zake zimefanya kazi, akamsifu dalali kwa ndugu zake. Wengine huambiwa kwamba mambo yaliharibika dakika ya mwisho. Dalali mwenye akili huwarudishia nusu ili wasipige kelele. Asiye na akili hubadilisha namba ya simu.

Tena liko jambo la sheria, ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au yote mawili. Wala haigusi ofisi za Serikali peke yake. Makampuni na vyama vimo pia. Mzee anayeuza mtamba ili mwanawe apate kazi ya kutunza fedha za watu huenda akamnunulia kesi.

Usiku ule mtamba hakuuzwa. Haikuwa kwa sababu ya sheria, kusema kweli, bali kwa sababu mama alikataa.

Alhamisi kijana aliamka saa kumi na nusu za alfajiri akabeba maziwa ya baba yake kwenda kituo cha kupokelea. Alikuwa akila kwa maziwa hayo tangu kuzaliwa kwake, lakini hakuwa amesimama hata siku moja kuyafuata tangu mzani hadi tangi. Mpokea maziwa, mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alimruhusu asimame kando.

"Mzee, naomba nitazame tu, sitasumbua," kijana alisema.

"Tazama, kijana wangu, lakini usiguse mzani."

Akaona jinsi maziwa yanavyonuswa na kutazamwa kwanza, kisha laktomita inavyotumbukizwa ili kujua kama yametiwa maji, na jinsi machache yanavyochanganywa na spiriti ili kugundua yale yaliyoanza kuharibika, ambayo huganda vipande vipande. Akaona kila mkulima akipimiwa kwa kilo na kuandikiwa kwenye kadi yake. Halafu maziwa yakamiminwa katika tangi la kupozea, na huko kipimo kikasomwa kwa ufito wenye alama na jedwali lake, nacho kikaandikwa kwa lita. Kijana aliuliza kwa nini kilo huku na lita kule. Mzee alicheka, akasema kwamba swali hilo limewagombanisha watu wengi kuliko mipaka ya mashamba.

Pale kwenye foleni alisikia pia malalamiko. Yeye alidhani wakulima hulalamikia bei. Kumbe waliokuwa na hasira zaidi ni wale waliochukua chakula cha mifugo kwa mkopo katika duka la chama, kisha mwisho wa mwezi wakaona makato wasiyoyaelewa. Yote hayo aliyaandika katika daftari.

Ijumaa aliazima kwa jirani taarifa ya hesabu iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita. Taarifa kama hizo hugawiwa wanachama, nao wengi huzitumia kufungia sukari. Aliisoma mara mbili. Aliona kwamba deni la wanachama kwa duka la chama lilikuwa limekua kuliko mauzo ya maziwa, naye akaliwekea alama.

Kuhusu karatasi, wako waombaji wanaomaliza fedha zao za nauli kwa kulipia cheti cha mwenendo mwema, cha kodi, na vinginevyo, kabla hawajaahidiwa lolote. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asimdai mtu vyeti vya namna hiyo ila awe amekusudia kuandikiana naye mkataba. Yafaa basi barua isomwe neno kwa neno, na kinachotakiwa siku hiyo ndicho kibebwe. Kitambulisho na vyeti vya shule, vile vya asili, havikosekani kutakiwa.

Jumamosi kijana alikwenda kwa shangazi yake, mwalimu mstaafu, ili amfanyie mahojiano ya kujaribu. Shangazi aliweka saa mezani. Alimwambia, "Nieleze habari zako," na kijana akaanza na shule ya msingi. Baada ya dakika tatu alikuwa bado hajamaliza kidato cha pili.

"Nimekwisha kusinzia," shangazi akasema. "Anza na maziwa."

Kisha wakatazama katika simu baadhi ya mahojiano ya wale waliotaka cheo cha Jaji Mkuu. Tangu Katiba ya 2010, watu hao nao hukalia kiti hicho hicho mbele ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, nchi nzima ikitazama. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa hata juu ya kipuli alichovaa sikioni, naye akaeleza waziwazi kwa nini hakivui; kazi akaipata. Mwezi wa Aprili 2021 walihojiwa watu 10, na aliyependekezwa ni Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Kenya. Kwa anayetaka kujifunza, hiyo ni shule isiyo na karo. Huonekana wazi jinsi msomi mkubwa anavyoweza kupotea katika jibu refu, na jinsi jibu fupi linavyomfanya muulizaji ainue kichwa.

Jumatatu alifika mapema, amevaa koti la kaka yake lililomkaa vizuri isipokuwa mikono. Mavazi hayahitaji maneno mengi: yawe safi, na viatu visilie.

Wahojaji walikuwa watano. Waliuliza mambo ya kawaida, kisha mwenyekiti akaweka karatasi mbele yake. Katika kituo kimoja, asubuhi moja, kadi za wakulima zilijumlishwa zikawa kilo 2,060. Tangi lilionyesha lita 2,000. "Karani," mwenyekiti akauliza, "ni nani aliyeiba 60?"

Ilijulikana baadaye kwamba waombaji wawili walijibu kwamba wangemsimamisha kazi mpokea maziwa na kupeleka habari polisi. Mwingine alisema angewakata wakulima wote kwa usawa. Kijana wa Ol Kalou alinyamaza kidogo, maana alimkumbuka yule mzee akicheka kando ya mzani.

"Bwana Mwenyekiti," akasema, "kabla ya kumtafuta mwizi ningetazama vipimo. Kadi ni za kilo na tangi ni la lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo lita 2,000 ni kama kilo 2,060. Hapa hakuna kilichopotea."

Mwenyekiti hakusifu wala hakukanusha. Aliuliza swali jingine: je, amepata kuendesha mishahara ya watu 40 kwa kompyuta? Hakuwa amepata, naye akasema hivyo, akaongeza kwamba alijifunza programu ya hesabu chuoni na kwamba angehitaji mwezi mmoja wa kuelekezwa. Walipomwuliza kama ana swali, alitaka kujua ni lini mkulima huelezwa makato ya chakula cha mifugo, wakati wa kuchukua au mwisho wa mwezi. Wahojaji wawili walitazamana, na mweka hazina akaandika jambo.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Kazi ilipewa mwanamke mmoja aliyekuwa karani msaidizi katika chama jirani kwa miaka mitatu, ambaye naye alilijibu swali la kilo na lita, tena bila kunyamaza. Jina la kijana liliandikwa la pili, katika orodha ya akiba, pamoja na neno kwamba chama kinafikiria kuajiri karani wa duka kabla ya mwisho wa mwaka, na kwamba asisite kuomba.

Yule dalali alipiga simu tena jioni hiyo, akimlaumu mzee kwa ubahili. Mzee alimwuliza kama yule mwanamke alimlipa kiasi gani. Simu ikakatika.

Mtamba alizaa ndama jike mwezi huo huo. Maziwa yake, baada ya ndama kushiba, hupelekwa kituoni kila alfajiri, na anayeyabeba ni kijana, ambaye siku hizi huangalia kadi mara mbili kabla ya kuondoka mzanini.