Deni si jinai, lakini kutoroka si dawa

Simu inaita, namba huijui. Unakata. Inaita tena ukiwa kwa matatu kutoka Kawangware kuingia tao. Sauti inasema: "Usipolipa leo, polisi wako njiani." Vijana wetu wangapi wameshatupa laini kwa sababu ya simu kama hiyo? Kabla hujatupa yako, soma haya.

Kwanza, polisi hawana kazi na deni lako. Kushindwa kulipa kadi ya benki au mkopo wa simu ni kesi ya madai. Kutoa hundi ukijua akaunti haina kitu, hiyo ndiyo jinai, tusichanganye mambo. Tena, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza kampuni za mikopo ya simu kukutisha, kukutukana au kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Wakifanya hivyo, tunza ushahidi, peleka malalamiko.

Pili, usijidanganye kwamba hakuna litakalokupata. Benki ikishakupa notisi ya siku 30, jina lako linapelekwa CRB, na doa hilo hukaa miaka 5 hata baada ya kumaliza kulipa. Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kufikishwa Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambapo kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Ukipuuza samansi, hukumu inatoka bila wewe kusikizwa. Kisha madalali wanabisha hodi, au mshahara unakatwa.

Na jela je? Sheria ya kesi za madai bado inaruhusu kifungo kisichozidi miezi 6. Lakini ni lazima uitwe kwanza ujieleze, na korti iridhike kwamba uwezo unao ila umekataa, au unaficha mali, au unataka kutoroka. Mwaka 2010, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye akawa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mdaiwa kunakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Majaji wengine hawakumfuata. Kwa hivyo anayejificha ndiye anayejiharibia: anampa mdai sababu ile ile anayoitafuta.

Kuna haki nyingine wengi hawaijui. Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, inaweka mpaka: deni likishaharibika, riba haiwezi kuzidi kiasi kilichobaki siku hiyo. Ulibakisha 80,000? Riba isizidi 80,000, ukiongeza gharama za kulidai. Wakikuletea 300,000, dai hesabu kwa maandishi.

Mwisho, kuna wanaosema: "Riba ni haramu, basi silipi." Ndugu yangu, riba ilikuwa haramu kabla hujatia sahihi. Pesa uliyokula ni haki ya mtu. Mtume (SAW) alikataa kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Na Qur'ani hiyo hiyo, Al-Baqara aya ya 280, inamwamuru mdai ampe muda aliyebanwa.

Basi omba huo muda. Nenda benki wewe mwenyewe, sema unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, na makubaliano yaandikwe. Kisha ikate hiyo kadi. Dawa ya deni ni kulipa.