Kabla Hujabonyeza "Tuma"



Kijana akichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, simu zetu hujaa kabla ya alfajiri. Picha yake, jina la mamake, mtaa wao, na juu yake maneno: "Ameuawa!" Kumbe yuko hai, amefungiwa korokoroni. Basi wanaotaka kukanusha wamepata jibu rahisi: "Si tuliwaambia hawa ni waongo?" Dhulma ya kweli ikafunikwa na posti ya uongo.

Sisi watetezi wa haki hatuna mali ila kuaminika. Kwa hivyo kila mwenye simu ajiwekee masharti yake. Yetu ni haya:

1. Thibitisha. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu bila kujua. "Nimetumiwa tu" si ushahidi.

2. Andika unachokijua, ukomee hapo. Saa ngapi, wapi, gari gani, nambari ya OB kama ipo. Katiba, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Wakili hawezi kuhesabu saa hizo kwa matusi yako. Atazihesabu kwa saa uliyoiandika.

3. Iulize familia kwanza. Faragha ni haki, kifungu cha 31. Picha ya maiti au ya mama anayelia si yako kuisambaza.

4. Mkosoe afisa kwa kitendo chake, si kwa kabila wala dini yake. Kifungu cha 33 chalinda uhuru wa kujieleza, lakini hakilindi uchochezi wala matamshi ya chuki.

5. Ukikosea, sahihisha pale pale ulipoandika. Usifute kimyakimya ukajifanya hujui.

Je, twasema munyamaze? La hasha! Mwenye kudhulumu hutamani tunyamaze. Na haki hii ya kuandika ilipiganiwa: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumika kuwashtaki Wakenya kwa walichoandika mtandaoni.

Andika, ndugu yangu. Andika kwa namna ambayo hata ukiitwa kortini kesho, utalisoma neno lako kwa sauti bila kuinamisha kichwa.